Jina Tamu, Deni Chungu: Mkopo Uchaguliwe kwa Mwendo wa Matumizi

Wahenga walinena kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii hukaririwa shuleni tangu madarasa ya chini, na aghalabu hufasiriwa kuwa ni onyo dhidi ya kukopa. Ikitazamwa vyema, hata hivyo, haisemi hivyo. Haikatazi harusi, wala haikani kwamba zipo siku ambapo mja hulazimika kunyoosha mkono. Inachofanya ni kutenganisha nyakati mbili, wakati wa kupokea na wakati wa kurudisha, kisha ikatukumbusha kuwa uchungu wote umo katika ule wa pili. Rai ya makala hii ni kwamba hapo ndipo ulipo ufunguo wa kuchagua mkopo. Mkopo haufai kuchaguliwa kwa wingi wa fedha unazotoa, wala kwa utamu wa jina lake, bali kwa jinsi unavyolingana na mwendo wa fedha za mkopaji mwenyewe: huingia lini, hutoka vipi, na deni litakaa kwa muda gani kabla ya kulipwa.

Suala hili si la matajiri wala la mabenki pekee. Katika mitaa inayokizunguka Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro mjini Kakamega, kuanzia Lurambi hadi Kefinco na Amalemba, mwanafunzi huishi akiwa amezungukwa na mikopo ya kila aina. Lipo daftari la mwenye duka, anayemwandikia mkate na mafuta ya kupikia hadi mwisho wa mwezi. Kipo chama cha wanafunzi wanaochangiana kwa zamu. Ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria mwaka wa 1995. Ipo simu iliyo mfukoni, ambayo kwa kubonyezwa mara chache hutoa fedha hata usiku wa manane. Na kwa mhadhiri au mwanafunzi wa uzamili mwenye ajira, ipo kadi ya mkopo ya benki. Yote hii huitwa mikopo, na wengi huichukulia kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Kosa linaanzia hapo.

Kwanza, yafaa kuyatazama majina, maana wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha. Biashara ya mikopo ya simu nchini Kenya imeyachota majina yake kutoka katika Kiswahili, tena Kiswahili cha pwani. Anayekopa muda wa maongezi huambiwa kuwa anaokoa jahazi. Anayekopa kwa siku 30 huingia M-Shwari, kana kwamba bahari imetulia na upepo ni wa kusi tu. Mji wa Kakamega, usiojua maji mengi isipokuwa ya mvua na ya Mto Isiukhu, umeletewa bahari nzima kupitia simu. Halafu kuna Fuliza, iliyozinduliwa Januari 2019 kumwezesha mteja wa M-Pesa kulipa hata pale salio lake lisipotosha. Kitenzi fuliza hubeba maana ya kuendelea na jambo moja kwa moja bila kukatiza. Jina limechaguliwa kwa ustadi: matumizi hayakatizwi kwa sababu ya upungufu. Ila mwanafunzi wa isimu hana budi kuuliza swali la pili: kiima cha kitenzi hicho ni nani? Kinachoendelea bila kukatizwa ni matumizi ya mkopaji, au ni deni lake?

Jibu limo katika hesabu. Chukulia kuwa mwanafunzi amepungukiwa shilingi 1,000. Ana njia mbili mkononi. Ya kwanza ni Fuliza, inayotoza asilimia 1 mara tu anapokopa, kisha ada ya kila siku inayofuata daraja la kiasi kilichokopwa. Mwaka wa 2022 ada hizo zilipunguzwa, na anayekopa shilingi 1,000 au chini yake akapewa siku 3 za mwanzo bila ada ya kila siku. Kwa ajili ya mfano, ada hiyo na iwe shilingi 6 kwa siku. Njia ya pili ni M-Shwari, ambayo tangu ilipozinduliwa Novemba 2012 ilijulikana kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, iwe mkopaji amelipa siku ya pili au ya mwisho. Kodi na mabadiliko ya ada yawekwe kando kwa sasa, kwani mkopaji anaweza kuyathibitisha siku anayokopa. Linalotakiwa ni kuona umbo la hesabu.

Mwanafunzi akilipa baada ya siku 2, Fuliza itakuwa imemgharimu shilingi 10, na M-Shwari shilingi 75. Akilipa baada ya siku 30, M-Shwari itabaki kuwa shilingi 75, ilhali Fuliza itakuwa imefika shilingi 172: zile 10 za mwanzo na shilingi 6 kwa kila mojawapo ya siku 27. Mizani hugeuka kwenye siku ya 14. Kabla ya hapo Fuliza ndiyo nafuu. Kuanzia hapo ndiyo ghali. Kwa hiyo, anayeuliza ni mkopo upi ulio bora kati ya hiyo miwili ameuliza swali lisilo na jibu. Swali lenye jibu ni hili: fedha za kulipia zitaingia lini? Mama aliyeahidi kutuma karo kesho kutwa, na akawa na kawaida ya kutimiza, humfanya Fuliza kuwa rafiki. Ahadi ya "mwezi ujao Mungu akipenda" humgeuza rafiki huyo huyo kuwa kupe.

Tena si hesabu tu, bali na mwenendo. Fuliza hujilipa yenyewe: fedha yoyote inayoingia M-Pesa hukatwa deni kwanza kabla mwenyewe hajaigusa. Kwa mtu mwenye mapato ya kila siku, kama mwendesha bodaboda wa stendi ya Kakamega au muuza mboga sokoni, utaratibu huu unaweza kumfaa, kwani kinachokatwa asubuhi huenda kikarudi jioni. Kwa mwanafunzi anayepokea fedha mara moja au mbili kwa muhula, ni jambo jingine kabisa. Shilingi 3,000 zilizotumwa kwa kodi ya chumba hufika zikiwa zimepungua. Pengo hilo huzibwa kwa kufuliza tena. Na mwezi hupinduka akiwa pale pale. Mkopo ni ule ule, ada ni zile zile, ila mwendo wa mapato ndio uliotofautisha.

Mfano wa tatu ni ule unaojulikana kama Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa na serikali tarehe 30 Novemba 2022. Riba yake ilipangwa kuwa asilimia 8 kwa mwaka, muda wa kulipa ukiwa siku 14, na asilimia 5 ya kila mkopo ikawekwa kama akiba. Kwa shilingi 1,000 za siku 14, riba hiyo ni takriban shilingi 3 tu. Kwa bei pekee, hakuna wa kushindana nayo. Hata hivyo, mkopaji wa shilingi 1,000 hupokea shilingi 950 mkononi, na siku 14 ni siku 14. Anayemfaa ni mtu ambaye mzunguko wake wa biashara hukamilika ndani ya wiki mbili. Asiyekuwa na mzunguko wowote, unafuu wa riba haumpi fedha za kurudisha.

Wanafasihi hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka wa 1969. Nchini Kenya jina la mkopeshaji wa tamthilia hiyo limekuwa nomino ya kawaida. Mkopeshaji yeyote wa mtaani mwenye masharti makali huitwa shailoki, na wengi hudhani kuwa dhambi ya Shylock ilikuwa riba. La hasha. Mkopo ule wa dukati 3,000 haukuwa na riba hata chembe. Kwa juu juu, ulikuwa mkopo nafuu kuliko wote mjini. Mtego ulikuwa katika sharti la kuchelewa: ratili moja ya nyama ya mwili. Naye Antonio aliukubali kwa sababu aliamini kuwa merikebu zake zingetia nanga kabla ya miezi mitatu kwisha. Hakukosea kuhusu bei; alikosea kuhusu wakati wa mapato yake. Mwanafunzi anayeisoma tamthilia hiyo darasani kisha akatoka nje na kukopa bila kukisoma kifungu cha ucheleweshaji amefaulu mtihani lakini hajaisoma tamthilia.

Upande wa pili wa hoja hii umo katika historia ya eneo lenyewe la Kakamega. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka wa 1971, na kwa miongo kadhaa iliendesha mkopo ambao wakulima wengi hawakuuita mkopo. Mkulima alilimiwa shamba, akapewa mbegu na mbolea, na gharama hizo zikakatwa katika malipo yake baada ya miwa kuvunwa. Kwa kuwa muwa huchukua kati ya miezi 18 na 24 kukomaa, deni nalo lilisubiri kwa muda huo. Kimsingi, huo ulikuwa mkopo uliofuata mwendo wa zao: haukudai wakati shamba halijazaa. Lakini mfumo huo ulikuwa na udhaifu wake. Wapo wakulima waliofikia mavuno na kukuta makato yamezidi malipo, wakabaki wakidaiwa na miwa imekwenda. Na kampuni ilipodhoofika hadi kuwekwa chini ya mrasimu Septemba 2019, wengi walibaki wakidai malipo yao. Funzo ni kwamba mkopo unaolingana na msimu ni bora, mradi mkopaji aweze kuzisoma hesabu za makato kabla ya mavuno na si baada yake.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu umejengwa juu ya wazo hilo hilo la kungoja mavuno. Riba yake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza imekuwa asilimia 4 kwa mwaka, na malipo hutarajiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Ni mkopo wa miaka mingi kwa ajili ya kitu cha miaka mingi, yaani elimu. Unapotumiwa kununulia simu ya kifahari au kuchezea kamari ya michezo, ulinganifu huo huvunjika: starehe huisha kwa wiki moja, deni huishi kwa muongo. Na kwa aliyehitimu akanyamaza bila kulipa, imekuwapo faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Hapa tena bei si riba ya asilimia 4, bali ni sharti la kuchelewa.

Ama kuhusu kadi ya mkopo, ambayo wahadhiri na wanafunzi wa uzamili walioajiriwa huzidi kuletewa na mabenki, kanuni ni ile ile. Historia yake yenyewe ni onyo. Septemba 1958, Bank of America ilituma kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, California, ambao hawakuwa wameziomba. Kadi iliwafikia watu kabla ya haja ya kadi. Leo kikomo cha mkopo huongezeka kwenye simu bila ya mwenye simu kukiomba, na wapo wanaojivunia kikomo hicho kana kwamba ni mshahara.

Anayetaka kuchagua kadi ajiulize kwanza yeye ni mtumiaji wa namna gani. Wapo wanaolipa salio lote taarifa ya mwezi inapofika. Hao, kwa kawaida, hawatozwi riba kwa manunuzi yao, hivyo kiwango cha riba si kitu kwao. Watazame ada ya mwaka, na ikiwa hununua vitabu kutoka ng'ambo, watazame gharama ya kubadilisha fedha. Wapo wanaobeba salio kutoka mwezi hadi mwezi na kulipa kile kiwango cha chini kabisa. Hao wasishawishiwe na pointi za zawadi wala rangi ya dhahabu ya kadi. Kwao riba ndiyo kila kitu. Chukulia deni la shilingi 20,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi na malipo ya chini ya shilingi 2,000. Katika malipo ya kwanza, shilingi 600 ni riba, na deni limepungua kwa shilingi 1,400 tu. Kisha wapo wanaotaka fedha taslimu. Hao kadi ya mkopo haiwafai kabisa, kwa kuwa fedha zinazotolewa kwenye mashine kwa kadi hiyo kwa kawaida hutozwa ada papo hapo na riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo. Kwao mkopo wa chama cha akiba na mikopo, ambao aghalabu hutolewa kwa kutegemea akiba ya mwanachama na kulipwa kwa makato ya mshahara, una ulinganifu zaidi.

Wapo watakaopinga kwamba mahubiri haya ni ya wenye nacho. Mwanafunzi aliyelala njaa, au ambaye ndugu yake amelazwa hospitalini, hana nafasi ya kulinganisha madaraja ya ada, hukopa panapokopesheka. Hoja hii ina uzito, na haifai kupuuzwa. Njaa haina kikokotoo. Lakini ni hoja inayodai maandalizi zaidi, si machache. Mtu huchagua mwavuli kabla ya mvua kunyesha, na mvua ya Kakamega haibishi hodi. Anayeijua mapema tabia ya fedha zake, saa ya dharura ikifika, hujua ni mlango upi wa kubisha kwanza: chama cha wenzake kisichotoza chochote, mwenye duka anayemwamini, au simu. Isitoshe, maskini ndiye asiyeweza kumudu kukosea. Shilingi 172 kwa mwenye mshahara ni nauli. Kwa mwanafunzi wa Lurambi ni chakula cha siku nzima.

Wapo pia watakaosema kuwa kulinda wakopaji ni kazi ya serikali. Ni kweli, na kwa kiasi fulani imefanyika. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliweka kiwango cha shilingi 1,000 ambacho deni lililo chini yake halipelekwi kwa mashirika ya taarifa za mikopo. Machi 2022 zilitolewa kanuni za kuwasimamia wakopeshaji wa kidijitali, zikiwazuia kuwatisha wadaiwa na kuwapigia simu jamaa na marafiki zao ili kuwaaibisha. Lakini sheria ina mipaka yake, na mpaka mmojawapo ni wa kilugha. Kati ya mwaka wa 2016 na 2019, Kenya ilikuwa na sheria iliyoweka kikomo cha riba za benki. Mikopo ya simu iliendelea kutoza ada zake katika kipindi hicho, kwa hoja kwamba ada si riba. Neno moja lilitosha kuiondoa biashara nzima chini ya kivuli cha sheria. Ni nani basi, kama si mwanafunzi wa Kiswahili, anayepaswa kuuliza tofauti ya maana kati ya riba, ada na gharama, na kama mfuko wa mkopaji unaijua tofauti hiyo?

Hapa ndipo ilipo kazi ya vyama vya Kiswahili vyuoni. Vimezoea kuandaa makongamano ya methali na mashindano ya insha, na ni vyema. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayefika Kakamega na sanduku lake angenufaika vilevile kwa kuandikiwa ukurasa mmoja wa Kiswahili sahili wenye kumweleza, kwa kila mkopo atakaokutana nao, mambo manne tu: atapokea kiasi gani mkononi, atalipa kiasi gani akilipa kwa wakati, atalipa kiasi gani akichelewa mwezi mmoja, na ni nani atakayekatwa fedha, lini na kwa idhini gani. Ukurasa kama huo haungehitaji istilahi mpya hata moja. Ungehitaji tu watu wanaoweza kusoma maandishi madogo na kuyasema kwa sauti kubwa.

Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna anayebisha. Ila daktari mwema huuliza mgonjwa hula nini, hulala saa ngapi na hufanya kazi gani kabla ya kumpa dawa yoyote. Mkopaji naye akianze kipimo hicho juu yake mwenyewe. Ayaandike kwa mwezi mmoja mapato na matumizi yake katika daftari la kawaida, aone fedha huja kwa matone au kwa mafuriko, na huondoka kwa haja au kwa mazoea. Baada ya hapo ndipo amwulize mkopeshaji masharti yake, akianzia na lile la kuchelewa. Jina la mkopo na liwe la mwisho kutazamwa.